Gazi iko, njia ya kuipitisha njo inakosa: namna New England inavyopita siku za baridi kali

Kuanzia mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 3, familia nyingi za hapa kwetu zinapokea simu ya namna moja kutoka Marekani. Ndugu aliye Portland, Lewiston, Manchester ao Worcester anasema: mwezi huu musinitegemee, pesa yote imeingia mu shofaji. Wengine hapa wanafikiri ni kisingizio. Hapana, haiko kisingizio. Kule, theluji ikianguka, kupasha nyumba joto ni deni la lazima, na bei ya joto hiyo inaweza kupanda mu siku chache tu.

Lakini kuna jambo moja ambalo linashangaza. Marekani njo inchi inayotoa gazi mingi kuliko inchi yote ya dunia. Tangu mwaka wa 2023 ni yenyewe pia inayouzisha gazi ya maji mingi zaidi ngambo ya bahari. Sasa namna gani kona moja ya inchi hiyo, kona ya watu matajiri na vyuo vikuu vikubwa, inafika siku za baridi ikitetemeka, ikilipa bei ambayo hata Ulaya hailipi, na ikingoja meli ya gazi kutoka mbali? Siye tulitaka kuelewa. Jibu lake ni fupi: gazi iko, njia njo inakosa. Lakini nyuma ya jibu hilo fupi kuna swali refu: nani atalipa njia ambayo itajaa paka siku chache za mwaka?

Shamba iko karibu, barabara ni nyembamba

New England ni majimbo sita ya kaskazini-mashariki ya Marekani: Maine, New Hampshire, Vermont, Massachusetts, Rhode Island na Connecticut. Wakaaji wake ni karibu miliyoni 15. Chini ya udongo wao hakuna gazi, hakuna mafuta, hakuna makaa ya mawe ya maana. Kila kitu kinachochomwa kule kinatoka inje.

Na inje hiyo haiko mbali. Mu jimbo la Pennsylvania kuna mwamba unaoitwa Marcellus, shamba kubwa kabisa la gazi mu Marekani. Tangu miaka ya 2008 na 2010 wachimbaji wanapasua mwamba huo kwa maji ya nguvu na kutoa gazi kwa bei ya chini sana. Toka visima vya kaskazini-mashariki ya Pennsylvania mpaka Boston haifiki kilomita 500. Kwa gari, ni safari inayozidi ile ya Lubumbashi mpaka Kolwezi.

Gazi lakini haipandi gari. Inapita mu tiyo za chuma zilizozikwa chini ya udongo, ikisukumwa na mashine za kukandamiza zilizowekwa njiani. Kwa New England tiyo kubwa ni tano. Ya Algonquin inatoka upande wa New Jersey na kuishia karibu na Boston. Ya Tennessee inatoka mbali kule Texas na Louisiana. Ya Iroquois inaingia kutoka Canada na kupita Connecticut. Zingine mbili, zilizofunguliwa mwaka wa 1999, zinatoka pia Canada: moja kupitia Quebec, ingine kupitia Nova Scotia. Ile ya Nova Scotia ilikuwa inaleta gazi ya baharini karibu na kisiwa cha Sable. Visima vile vilifungwa mwisho wa mwaka wa 2018. Tiyo ilibaki, chemchemi yake ikakauka.

Kuna shida ya pili. Mu majimbo mengine ya Marekani, watu wanaweka akiba ya gazi chini ya ardhi, mu visima vya zamani ao mu mashimo ya chumvi. Wanajaza wakati wa joto, wanatoa wakati wa baridi. Mawe ya New England haikubali kazi hiyo. Akiba pekee iliyo pale ni gazi ya maji mu matanki. Ukiipoza gazi mpaka digrii 162 chini ya zero, inageuka maji na kupungua mara 600, halafu unaweza kuiweka mu tanki kubwa la pembeni ya muji. Lakini tanki haiko kisima. Linamalizika haraka.

Nani anapita mbele

Kusema "njia ni nyembamba" haitoshi. Mu siku nyingi za mwaka njia hiyo inatosha, na kubaki nafasi. Shida inaanza siku ambapo watu wa aina mbili wanaitaka saa ile ile.

Wa kwanza ni makampuni yanayopeleka gazi mu manyumba ya watu, mu mahospitali na mu masomo. Hao walipanga nafasi yao mu tiyo miaka mingi mbele, kwa kontra ya nguvu. Wanalipa nafasi hiyo mwaka mzima, hata mwezi wa 7 wakati hakuna mutu anayewasha shofaji. Wanaweza kufanya vile kwa sababu Leta inawaruhusu kuingiza gharama hiyo mu fakitire ya wateja.

Wa pili ni viwanda vya umeme. Mwaka wa 2000 gazi ilikuwa inatoa karibu asilimia 15 ya umeme wa New England. Leo inatoa karibu nusu. Viwanda vya zamani vya makaa na vya mafuta vilifungwa kimoja kimoja. Brayton Point, kiwanda kikubwa cha makaa, kilizimwa mwaka wa 2017. Vile vya nyuklia pia vilipungua: Vermont Yankee mwaka wa 2014, Pilgrim mwaka wa 2019. Pahali pao paliingia mashine za gazi, ambazo ni rahisi kujenga na zinachafua hewa kidogo.

Sasa, mwenye kiwanda cha umeme anauzisha umeme wake mu soko, siku kwa siku, na hakuna anayemuhakikishia kwamba atarudishiwa pesa ya kontra ya mwaka mzima. Basi hapangi nafasi. Ananunua ile iliyobaki. Mwezi wa 7 inabaki mingi. Mwezi wa kwanza, siku ya baridi ya kweli, haibaki kitu.

Mufano wake ni bisi yenye viti vilivyouzishwa mbele. Wenye tikiti wanaingia. Wengine wanasimama pembeni ya barabara, na dereva anawauliza: nani atatoa zaidi kwa kiti kimoja kilichobaki? Hapo bei haifuate tena gharama ya safari. Inafuata woga wa yule anayebaki.

Na woga huo unaingia mu umeme pia. Mu soko la umeme bei ya saa inafuata mashine ya mwisho iliyowashwa ili kutosheleza watu. Kama mashine hiyo ni ya gazi na gazi imepanda mara kumi, umeme wote unapanda nayo. Wakati wa baridi kali ya mwisho wa 2013 na mwanzo wa 2014, umeme wa jumla wa miezi mitatu tu uligharimu New England karibu dola miliari 5. Ni karibu sawa na pesa yote ya mwaka muzima wa 2012.

Majuma mawili ya baridi

Mufano mzuri zaidi ni wa mwisho wa 2017. Kutoka tarehe 26 ya mwezi wa 12 mpaka tarehe 8 ya mwezi wa kwanza 2018, baridi ilishuka na kukataa kuondoka. Mu Boston siku saba zilifuatana bila joto ya muchana kupita digrii 7 chini ya zero. Pale kati ikaingia na zoruba ya theluji.

Bei ya gazi mu kituo cha Algonquin, ambayo siku za kawaida inacheza karibu na dola 3 kwa kipimo chao cha soko, ilipita dola 70. Siku zile zile, mu Louisiana, kipimo kile kile hakikufika dola 10. Gazi ni ile ile, inchi ni ile ile, sheria ni ile ile. Tofauti yote ilikuwa mu tiyo.

Viwanda vya umeme vilifanya nini? Vile vilivyo na mashine za kuchoma vitu viwili viliacha gazi na kufungua matanki ya mafuta. Mu majuma mawili walichoma karibu baruti za mafuta, yaani mapipa, miliyoni 2. Ni zaidi ya mara mbili ya ile iliyochomwa mwaka muzima wa 2016. Umeme haukukatika, watu walilala mu joto. Lakini wakubwa wa ISO New England, shirika linaloongoza umeme wa eneo hilo, walikuwa wanahesabu matanki kila siku. Malori ya mafuta ilikuwa inasumbuka mu theluji, mito ilikuwa na barafu, na viwanda vingine vilibakiwa na akiba ya siku chache tu. Kama baridi ingeongeza juma moja, hesabu ingekuwa ya namna ingine.

Njo maana shida hii haiko ya siku moja yenye baridi kabisa. Ni ya siku nyingi zinazofuatana. Siku moja, tanki linatosha. Siku ya kumi na inne, unaangalia chini ya tanki.

Tarehe 24 ya mwezi wa 12, 2022, mkesha wa Noeli, jambo lilijirudia kwa namna ingine. Zoruba ilipita, viwanda kadhaa vikaharibika bila kutazamiwa, na umeme kutoka Quebec ukapungua kwa sababu Quebec yenyewe ilikuwa na baridi. Ile jioni mafuta ilitoa sehemu kubwa ya umeme wa eneo. Haikukatwa kwa watu, lakini akiba ya lazima iliguswa.

Meli inayopita kati ya muji

Tangu mwaka wa 1971 kuna bandari ya gazi ya maji pale Everett, pembeni ya mto Mystic, ngambo tu ya Boston. Meli kubwa zinaingia mu bandari ya Boston zikisindikizwa na mashua za ulinzi, na magari yanasimamishwa juu ya daraja la Tobin mpaka meli ipite chini. Gazi inawekwa mu matanki, halafu ingine inarudishwa kuwa hewa na kuingizwa mu tiyo, ingine inapakiwa mu malori na kupelekwa mu matanki madogo ya miji mingine. Kwa siku za baridi kali, Everett ni muhimu juu iko mwisho wa tiyo. Inaongeza nguvu mahali ambapo nguvu inakuwa imeisha.

Gazi hiyo kwa miaka mingi imetoka Trinidad. Watu wanauliza: kwa nini isitoke Louisiana, pahali Marekani inajaza meli kila siku? Jibu ni sheria ya mwaka wa 1920, inayoitwa Jones Act. Inasema mali yote inayotoka bandari moja ya Marekani kwenda bandari ingine ya Marekani lazima ipakiwe mu meli iliyojengwa Marekani, ya mwenyeji wa Marekani, yenye wafanyakazi wa Marekani. Meli za namna hiyo za kubeba gazi ya maji zinakosa. Basi gazi ya Louisiana inaenda Ulaya na Asia, na Boston inanunua kwa wengine.

Mwanzo wa 2018 matokeo yake yalionekana wazi. Mwisho wa mwezi wa kwanza, meli moja inayoitwa Gaselys ilifika Everett ikiwa imepakia gazi iliyopitia Uingereza. Sehemu ya gazi hiyo ilitoka Yamal, kaskazini ya Urusi. Wamarekani wengi hawakuamini: gazi ya Urusi inapasha nyumba za Boston, na Pennsylvania iko mlango wa pili.

Pembeni ya Everett palikuwa kiwanda cha umeme cha Mystic, muteja mukubwa wa bandari hiyo. Mystic ilipotaka kufunga, ISO New England iliilipa ibaki wazi miaka miwili zaidi, mpaka mwezi wa 5 wa 2024. Baadaye ilifungwa. Watu waliogopa kwamba Everett nayo itakufa, juu ilipoteza muteja wake. Makampuni ya gazi ya Massachusetts yakatia saini kontra za kuishika mpaka mwaka wa 2030, na jimbo likakubali. Wateja wao njo wanaolipa. Unaona: hata pale ambapo tiyo haikujengwa, akiba haiko ya bure.

Usiku ambao tiyo ilikosa nguvu

Mpaka hapa tumezungumuza bei. Lakini kuna jambo baya zaidi ya bei.

Tarehe 21 ya mwezi wa kwanza 2019, siku ya baridi kali, nguvu ya gazi ilishuka mu tiyo inayoelekea kisiwa cha Aquidneck, mu Rhode Island. Kisiwa hicho kiko mwisho kabisa wa laini. Njo pahali muji wa Newport uko. Uchunguzi wa jimbo ulionyesha baadaye kwamba mambo matatu yalikutana: mahitaji ya watu yalikuwa makubwa sana, kifaa kimoja cha kupitisha gazi mu kituo cha Massachusetts kiliharibika, na mashine ya gazi ya maji ya Providence, iliyopaswa kusaidia, ikazimika.

Kampuni ya gazi iliamua kufunga laini. Manyumba na maduka karibu 7.500 yalibaki bila gazi, na gavana akatangaza hali ya hatari. Watu walipelekwa mu mahoteli na mu vituo vya kupokea wakimbizi wa baridi. Kazi ya kurudisha ilichukua karibu juma moja.

Kwa nini juma moja? Hapa wasomaji wetu, waliozoea umeme kwenda na kurudi mara tatu kwa siku, lazima waelewe tofauti. Umeme ukikatika, unarudisha swichi na taa zinawaka. Gazi haiko vile. Nguvu ikishuka sana, miali midogo mu mashine za nyumbani inazimika. Ukirudisha gazi bila kuangalia, inatoka ndani ya nyumba bila kuwaka, na ceche moja inatosha kuua familia. Basi wafundi lazima waende nyumba kwa nyumba, wafunge kila mita, wahakikishe laini, halafu warudi nyumba kwa nyumba kuwasha tena. Na wakati wanafanya vile, maji yanaganda mu mabomba ya nyumba na kuyapasua.

Njo sababu manyumba yana haki ya kupita mbele. Kukosa umeme saa mbili ni taabu. Kukosa gazi saa mbili kunaweza kugeuka juma zima.

Kwa nini hawajengi tiyo ingine?

Mutu wa hapa kwetu anaweza kuuliza: inchi yenye pesa vile inashindwa kuzika tiyo ya kilomita 200? Walijaribu. Karibu na mwaka wa 2014 miradi mitatu ilikuwa juu ya meza. Kinder Morgan ilitaka kupitisha tiyo kaskazini ya Massachusetts. Iliacha mwezi wa 4 wa 2016, ikisema haikupata wateja wa kutosha wa kutia saini. Kampuni ingine, pamoja na mashirika ya umeme, ilitaka kupanua Algonquin, mradi wa karibu dola miliari 3 ulioitwa Access Northeast. Wa tatu, Constitution, ulikuwa utoke Pennsylvania mpaka jimbo la New York, kilomita 200. New York ilikataa ruhusa ya kupita mito yake mwaka wa 2016, na mradi ukaachwa mwaka wa 2020.

Access Northeast njo inafundisha zaidi. Kwa sababu viwanda vya umeme havikutaka kutia saini, wenye mradi walipendekeza kwamba wateja wote wa umeme walipe tiyo mu fakitire yao. Mwezi wa 8 wa 2016 tribunali kuu ya Massachusetts ilisema hapana: sheria ya jimbo haikubali wateja wa umeme wabebe hatari ya tiyo ya gazi. Bila mulipaji, mradi ulisimama mwaka uliofuata.

Wanaotaka tiyo wanasema hivi: majuma machache ya bei kali yanakula pesa kuliko tiyo yenyewe, mafuta yanayochomwa pahali pa gazi yanachafua hewa zaidi, na ni aibu kununua gazi ya mbali wakati jirani anayo. Maneno hayo yana uzito. Mwaka wa 2025 yalirudi kwa nguvu, na hata Constitution ikaanza kuzungumuzwa tena.

Wanaokataa nao wana maneno yao. Tiyo inakaa miaka 40 ao 50, wanasema, na mengi ya majimbo haya yameweka sheria za kupunguza sana uchafu wa hewa mpaka 2050; nani atalipa tiyo ambayo haitumike tena? Uchunguzi ulioagizwa mwaka wa 2015 na mwanasheria mukuu wa Massachusetts, Maura Healey, ambaye leo ni gavana, ulisema kwamba ni bei rahisi zaidi kupunguza matumizi siku za kilele kuliko kujenga. Na kuna woga wa gazi yenyewe. Tarehe 13 ya mwezi wa 9, 2018, nguvu ya gazi ilipanda kupita kipimo mu tiyo za zamani za Lawrence, Andover na North Andover. Manyumba yalilipuka na kuwaka moto. Kijana mmoja alikufa, watu zaidi ya 20 waliumia. Baada ya siku kama ile, ni vigumu kumwambia mutu akubali tiyo mpya nyuma ya kiwanja chake.

Sisi hatutaki kuamua pahali pao. Lakini tunaona kwamba pande mbili zinakubaliana juu ya jambo moja bila kulisema: kila njia ina bei. Ukikataa tiyo, unalipa meli, unalipa matanki ya mafuta, unalipa ile siku ya dola 70. Ukikubali tiyo, unalipa miaka makumi kwa kitu kinachojaa siku chache. Kile ambacho hakiko ni njia ya bure.

Njia zingine wanazotafuta

Wakati mabishano yanaendelea, kazi ingine inafanyika. Laini ya umeme ya megawati 1.200 kutoka Quebec ilipangwa kupita mu msitu wa Maine. Wapiga kura wa Maine waliikataa mwaka wa 2021, halafu tribunali ikaruhusu kazi iendelee. Baharini, kusini ya Massachusetts, mashine za upepo za Vineyard Wind zilianza kutoa umeme mwanzo wa 2024. Upepo wa bahari una faida moja: unavuma kwa nguvu wakati wa baridi, saa ile ile gazi inakosa. Jua halisaidii vile, kwa sababu kilele cha baridi kinafika jioni, giza ikiwa imeshuka.

Mu manyumba watu wanaweka mashine zinazovuta joto kutoka hewa ya inje kwa umeme. Maine ilijipa lengo la mashine 100.000 mbele ya 2025. Ililifikia mwaka wa 2023. Ni jambo zuri, lakini lina mtego wake. Nyumba ikiacha mazutu na kuingia mu umeme, ule umeme lazima utoke pahali fulani, na usiku wa baridi sehemu yake inatoka mu gazi ile ile isiyokuwa na njia.

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ni kuziba nyumba: kuta, paa, madirisha. Joto isiyotoka haihitaji tiyo.

Ndugu zetu wa kule

Maine ina jambo lake la pekee: zaidi ya nusu ya manyumba yake inapashwa joto kwa mazutu, kuliko jimbo lolote la Marekani. Tiyo za gazi hazifiki vijiji vingi. Njo pale Wacongomani wengi waliishia. Mwaka wa 2019 mamia ya watu, wengi kutoka Congo na Angola, walifika Portland mu majuma machache na kulala mu uwanja wa michezo wa muji. Wengi walibaki, wengine wakaenda Lewiston.

Kwa mwenye kutoka Kolwezi ao Uvira, tanki la mazutu chini ya nyumba ni kitu kipya. Linalipwa kwa mara moja, mbele ya kutumika, na kwa kawaida lori halikuletei lita kumi. Linataka ununue mingi. Siku za baridi kali, wakati viwanda vya umeme vinashindana kununua mafuta, bei ya mazutu ya nyumba inapanda pia. Familia ambayo haikujaza tanki mwezi wa 9 inanunua mwezi wa kwanza kwa bei ya woga.

Musaada uko, na wengi hawaujui. Serikali ya Marekani ina mpango wa kusaidia familia za kipato kidogo kulipa joto. Mu Maine unaongozwa na MaineHousing, na maombi yanaanza mbele ya baridi kufika. Mu Massachusetts, kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa 11 mpaka tarehe 15 ya mwezi wa 3, sheria inakataza kampuni kukata gazi ao umeme wa kupasha joto kwa familia iliyo mu shida, kama imeleta karatasi zake. Simu ya namba 211 inaelekeza mutu mu lugha mbalimbali. Mwenye ndugu kule amukumbushe mbele ya theluji, hapana nyuma.

Siye pia tunajua jambo hili

Kama habari hii inatugusa, haiko tu juu ya ndugu. Mu Katanga tunaishi ndani yake. Inga iko na maji ya kutosha kuwasha sehemu kubwa ya Afrika. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1972, ya pili mwaka wa 1982, na mwaka huo huo laini ya Inga-Kolwezi, karibu kilomita 1.700, ikawashwa. Tangu pale migodi imeongezeka, watu wameongezeka, na umeme wa kununua unatoka pia Zambia. Mwenye mgodi anaweka kontra na kulipa laini yake. Mama wa Kenya ao wa Katuba anabaki na makala na mbabula. Ni swali lile lile la bisi: nani ana tikiti.

Na mu Kivu, kesho, swali litakuja na jina la gazi kabisa. Ndani ya ziwa kuna karibu miliari 60 za metre kibe za metani. Rwanda inatoa umeme wa megawati 26 kutoka gazi hiyo mu kituo cha KivuWatt tangu mwaka wa 2016. Siku upande wetu utaanza, kila mutu atazungumuzia kisima. New England inatufundisha kuuliza maswali mengine mapema: gazi itapita wapi, akiba itawekwa wapi, nani atapita mbele siku haitoshi, na hasara ya siku hiyo itaandikwa mu fakitire ya nani. Wao walianza kuuliza baada ya tiyo kujaa. Siye bado tuna wakati wa kuuliza mbele.